Shajara ya mradi: fantomu ya kupimia picha za PET, iliyoundwa Kisumu

18 Januari 2025: Lengo

Kikundi chetu ni kidogo: walimu wawili wa fizikia, fundi wa vifaa vya hospitali na mwanafunzi wa uzamili anayesomea fizikia ya tiba. Tunaandika shajara hii ili mtu wa Kakamega, Eldoret au Nakuru akitaka kuunda chombo kama hiki asilipe gharama ambazo sisi tumekwisha kuzilipa.

Fantomu ni chombo kinachowekwa kwenye mashine ya picha mahali pa mgonjwa. Ndani yake mnatiwa kiasi cha mionzi kinachojulikana kikamilifu, kisha mashine inaulizwa inaona kiasi gani. Fantomu inayotumiwa kote duniani kwa mashine za PET, ambazo huonyesha mahali dawa yenye mionzi ilipokusanyika mwilini, ina matufe sita matupu yenye vipenyo vya ndani vya milimita 10, 13, 17, 22, 28 na 37, yakiwa ndani ya chombo cha maji chenye umbo la kiwiliwili. Fantomu ya dukani hugharimu maelfu ya dola, na hiyo ndiyo sababu vituo vingi vichanga huanza kazi bila kuwa na ya kwao.

Haja yenyewe inatokana na magonjwa ya kwetu. Saratani ya umio huwapata watu wengi katika Bonde la Ufa na magharibi mwa Kenya, na uvimbe ambao daktari Denis Burkitt aliueleza nchini Uganda mwaka 1958 bado unawapata watoto wa kandokando ya Ziwa Victoria. Uvimbe wa aina zote mbili hula sukari kwa wingi, tabia ya chembe za saratani ambayo mwanasayansi Otto Warburg aliitambua katika miaka ya 1920, kwa hiyo huonekana vizuri mgonjwa anapodungwa sukari ya FDG iliyobebeshwa florini-18 yenye mionzi. Daktari hupewa picha pamoja na namba, yaani thamani sanifu ya ufyonzaji, ambayo kila mtu huiita SUV. Kwa vigezo vya PERCIST vya mwaka 2009, vya kupimia matokeo ya tiba ya saratani kwa PET, namba ya aina hiyo ikishuka kwa asilimia 30 mgonjwa huhesabiwa kuwa tiba inamsaidia. Ukuta wa umio wenye afya hauzidi milimita 5, na uvimbe unaoanza kuunenepesha bado ni mwembamba kuliko kile ambacho mashine inaweza kukipima kwa ukamilifu. Tunataka kujua, kwa ushahidi wa chombo tulichokiunda wenyewe, namba hiyo hupotea kiasi gani kadiri kitu kinavyokuwa kidogo.

Hakuna mionzi itakayoguswa Kisumu. Florini-18 hutengenezwa kwa siklotroni, yaani mashine za kuharakisha chembe ndogo za atomi, nazo ziko Nairobi na viunga vyake. Nusumaisha yake, yaani muda ambao nusu ya nguvu yake hupotea, ni dakika 109.8, kwa hiyo ikisafirishwa saa sita kwa barabara hubaki kama asilimia 10 tu ya kilichoondoka. Chombo kitaundwa na kufanyiwa majaribio ya maji huku, kisha kipelekwe Nairobi kwenye idara yenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019. Wataalamu wa huko ndio watakaoshika dawa yenye mionzi.

8 Februari 2025: Matufe ya kwanza yanavuja

Matufe yote sita yalichapishwa mjini hapa kwa printa ya 3D ya kuyeyusha uzi wa plastiki. Filamenti iligharimu shilingi 3,500. Kwa macho yalionekana safi, lakini tulipoyajaza maji yenye rangi nyekundu ya chakula na kuyatumbukiza katika beseni la maji meupe, kufikia asubuhi maji ya beseni yalikuwa ya waridi. Maji yalikuwa yanapenya kati ya tabaka moja la plastiki na jingine.

Kosa la pili lilijificha zaidi, na mizani ndiyo iliyolifichua. Mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja, kwa hiyo tufe linalopimwa likiwa tupu na kisha likiwa limejaa hutaja ujazo wake lenyewe. Tufe la milimita 37 linapaswa kubeba mililita 26.5, nalo lilibeba 26.1, tofauti ambayo tungeweza kuivumilia. Tufe la milimita 10 linapaswa kubeba mililita 0.52 lakini lilibeba 0.41. Uzi ulikuwa umelegea na kuning'inia ndani ya paa la tufe, ukala sehemu ya tano ya ujazo wote. Anayeiga kazi hii asiamini vipimo vya mchoro. Anunue mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Yetu ni ya kupimia dhahabu, ya shilingi 2,800, na ndiyo iliyotufaa kuliko chochote kingine tulichonunua.

1 Machi 2025: Epoksi inaziba, lakini ukuta unanenepa

Matufe yalipakwa epoksi kwa nje (shilingi 1,200), na uvujaji ukakoma. Hata hivyo, tumeyaweka kando.

Sababu ni unene wa ukuta. Ukuta wa tufe hauna mionzi yoyote, ilhali maji ya nje na ya ndani yote yana mionzi. Mashine huyachanganya maeneo hayo matatu kwa sababu picha zake zina ukungu wa milimita kadhaa, na kadiri ukuta unavyokuwa mnene ndivyo unavyoishusha namba ya tufe, hasa tufe dogo. Kwenye tufe la milimita 10 lililopakwa epoksi, ukuta ulikaribia milimita 3 kila upande. Uvimbe halisi hauna ganda la namna hiyo. Fantomu yenye kuta nene ingeisingizia mashine upungufu ambao umetokana na chombo chenyewe, na tungeandika matokeo ya uongo bila kujua.

22 Machi 2025: Resini

Tuliagiza seti mpya kutoka Nairobi, iliyochapishwa kwa resini inayogandishwa kwa mwanga, kuta zikiwa na unene wa milimita 1. Gharama ilikuwa shilingi 11,000 na mzigo ulifika kwa basi. Resini haina tabaka za kuvujisha maji, na usiku mzima wa rangi nyekundu haukuacha dalili yoyote kwenye beseni.

Tatizo jipya lilikuwa resini mbichi iliyobaki ndani ya matufe madogo, kwa kuwa shingo ilikuwa nyembamba na kiowevu cha kusafishia hakikuweza kuingia na kutoka. Resini hiyo iliganda polepole sakafuni mwa tufe na kupunguza ujazo. Mwanafunzi wetu alibadilisha mchoro: shingo ikapanuliwa hadi milimita 3 kwa ndani, na mchapaji akaombwa asuuze kila tufe kwa bomba la sindano kabla ya kuligandisha kwa mara ya mwisho. Alikubali kurudia matufe mawili madogo bila malipo. Tufe la milimita 10 sasa linabeba mililita 0.51, na yote sita kwa pamoja karibu mililita 48.

Shingo nayo ina ujazo wake. Tunajaza hadi alama iliyo mwanzoni mwa shingo, wala si hadi mdomoni, la sivyo tufe dogo huonekana kana kwamba lina mkia.

12 Aprili 2025: Chombo cha nje

Mtungi ni wa plastiki angavu wa kuhifadhia nafaka, wenye mdomo wa sentimita 20, ulionunuliwa soko la Kibuye kwa shilingi 1,100. Ukiwa na matufe ndani unachukua lita 6.1 za maji. Ni mdogo kuliko ule wa fantomu ya kawaida, ambao unakaribia lita 10, na jambo hili lazima litajwe kila mara matokeo yanapolinganishwa na ya kwingine, kwa maana mwili mkubwa hutawanya na kumeza miale mingi zaidi.

Bamba la akriliki linaloshikilia matufe lilikatwa na fundi wa mabango, kazi na bamba vikiwa shilingi 3,200. Tulilifuta kwa spiriti ili gundi ishike vizuri, na kabla ya saa moja kupita kingo zilizokatwa zilijaa nyufa nyembamba. Spiriti huipasua akriliki mahali ambapo msumeno umeacha mkazo. Fundi alikuwa akitazama tu. "Mwalimu, hiyo huoshwa kwa sabuni na maji ya uvuguvugu," alisema, "kisha inaachwa kivulini hadi kesho." Alitukatia kipande kingine kutoka masalio yake, na tangu siku hiyo spiriti haikaribii bamba.

Skrubu zote ni za nailoni. Za chuma zingeleta mistari kwenye picha ya CT, yaani ya eksirei inayopigwa pamoja na ya PET, na picha hiyo ndiyo ambayo mashine hutumia kukadiria miale iliyomezwa njiani. Ikiharibika, namba za PET nazo huharibika. Skrubu, gasketi na silikoni ziligharimu shilingi 1,650.

3 Mei 2025: Mazoezi ya rangi

Hatua hii ilituchukua muda mrefu kuliko tulivyotarajia, nasi tungemshauri yeyote asiiruke. Siku ya mionzi kila dakika inayopita inaondoa sehemu ya dawa na kuongeza dozi kwa mtu aliyeishika, kwa hiyo mikono lazima iwe imezoea kazi kabla ya siku hiyo.

Rangi ilichukua nafasi ya dawa. Tuliona kwamba tone lililotiwa juu ya mtungi uliojaa hubaki limejikusanya upande mmoja kwa muda mrefu, hata maji yakikorogwa kwa kijiti. Dawa inayokaa hivyo ingetupa picha yenye upande mmoja mkali na mwingine hafifu, na tungedhani kuwa mashine ndiyo mbovu. Utaratibu uliofaa ni huu: maji yatiwe hadi robo tatu ya mtungi, kisha rangi, mtungi ufungwe na kugeuzwa juu chini kwa upole mara nyingi, halafu ujazwe hadi juu na kugeuzwa tena.

Matufe hujazwa kwa sindano ndefu ya mgongo inayofika sakafuni mwa tufe, ili maji yapande kutoka chini na hewa itoke kandokando ya sindano. Ukijaza kutoka juu, kiputo hunaswa chini ya shingo. Katika tufe la milimita 10, kiputo chenye ukubwa wa punje ya mtama ni hasara ya kuonekana. Sindano na rangi zilikuwa shilingi 900.

24 Mei 2025: Mlima na mfuniko

Fantomu iliondoka Kisumu ikiwa tupu, mfuniko umekazwa na plagi zote zimefungwa ili vumbi lisiingie. Ilipofika Nairobi, mshono wa silikoni chini ya mfuniko ulikuwa umeachana na plastiki kwa karibu nusu ya mzunguko wake, na kwanza tulidhani ni mitikisiko ya barabara.

Hesabu ilionyesha vinginevyo. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kupitia Kericho hupanda hadi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa huo kabla ya kuteremka Nakuru. Kwa kimo hicho kanieneo ya hewa ya nje hupungua kwa kilopaskali 9 hivi, ilhali iliyofungiwa ndani ni ile ile ya Kisumu. Kwenye mfuniko wa sentimita 20, tofauti hiyo husukuma kwa nguvu inayolingana na mzigo wa zaidi ya kilo 25. Tangu sasa fantomu husafiri plagi moja ikiwa wazi, imefunikwa kwa kitambaa tu. Mshono ulirudiwa kwa silikoni iliyosalia na kuachwa ukauke siku nzima, na zamu ya mashine ikaahirishwa.

31 Mei 2025: Picha ya kwanza

Idara ilitupa mashine jioni, wagonjwa walipokwisha. Kwa maji ya mtungi tulilenga kilobekereli 5.3 (bekereli ni kipimo cha nguvu ya mionzi) kwa kila mililita, na kwa matufe mara nane ya hapo. Hii ina maana ya megabekereli 32 mtungini na 21 katika chupa ya nusu lita ya kujazia matufe. Kwa kuwa saa moja ilitarajiwa kupita kati ya kupima dawa na kupiga picha, kiasi kilichoombwa kilizidishwa kwa 1.46, kikawa jumla ya megabekereli 78. Hicho ni kidogo kuliko anachodungwa mtu mzima katika uchunguzi wa kawaida.

Kila sindano ilipimwa ikiwa imejaa na tena baada ya kumwagwa, kwa sababu dawa inayobaki kwenye sindano haimo ndani ya fantomu. Kujaza kulienda kama mazoezini. Picha ya CT ilionyesha kiputo katika tufe la milimita 13, hivyo namba ya tufe hilo haitahesabiwa safari hii.

Fantomu ililala katika chumba chenye kinga hadi kesho yake jioni. Baada ya saa 24 florini-18 hubaki chini ya sehemu moja kwa elfu nane, na kipima mionzi hakikuona tofauti kati ya mtungi na hewa ya chumba. Ndipo ikaruhusiwa kutoka.

14 Juni 2025: Namba iliyokataa kuwa 1

SUV ni mkusanyiko wa dawa mahali fulani, ukigawanywa kwa dawa yote iliyotolewa kwa kila gramu ya mwili. Mashine ikiambiwa kwamba "mgonjwa" ana uzito wa kilo 6.1 na amepewa dawa iliyo mtungini, basi maji ya mtungi hayana budi kusoma 1, na matufe 8. Uzuri wa jaribio hili ni kwamba jibu lake linajulikana hata kabla ya kuwasha mashine.

Maji yetu yalisoma 1.065. Tulishuku ujazo, tukaupima upya kwa mizani, ulikuwa sawa. Tulishuku mabaki ya sindano, nayo yalikuwa yamekwisha kutolewa. Tulipitia faili za picha kwa programu huria tukitafuta jinsi mashine inavyorekebisha upungufu wa mionzi tangu dawa ilipopimwa, na hapo jambo lenyewe likajitokeza: lilihusu wakati. Saa ya chumba cha kuandalia dawa ilikuwa nyuma ya saa ya mashine kwa dakika 10. Dawa iliyopimwa saa kumi na moja kamili iliandikwa kuwa ilipimwa saa kumi na dakika hamsini. Mashine ikadhani imepungua kwa dakika kumi za ziada, ikaamini kwamba dawa iliyobaki ni kidogo kuliko ilivyo, na hivyo ikaikuza kila SUV. Kwa nusumaisha ya dakika 109.8, dakika kumi ni asilimia 6 na nusu, kiasi kile kile kilichotusumbua. Kwa teknishiamu-99m, dawa nyingine yenye mionzi, ambayo nusumaisha yake ni saa 6, kosa hilo hilo lingekuwa chini ya asilimia 2 na pengine lisingeonekana kabisa.

Tuliporekebisha wakati, maji yalisoma 1, tofauti ikiwa chini ya asilimia 2. Idara nayo sasa inalinganisha saa zake zote kila asubuhi. Jambo hili lina uzito kwetu kwa sababu saa ile ilikuwa inatumiwa kwa wagonjwa pia, na mgonjwa hana namba inayojulikana mapema ya kumtetea.

19 Julai 2025: Picha ya pili, matokeo na gharama

Safari hii hakukuwa na viputo, na saa zilikuwa zimelinganishwa. Tufe la milimita 37 lilisoma karibu 8, kama lilivyo. Wastani ulishuka tufe baada ya tufe, na tufe la milimita 10 lilisoma chini ya 4 ingawa limejazwa kutoka chupa ile ile. Pikseli za picha hizo ni za milimita 4, hivyo tufe hilo lina upana wa pikseli mbili na nusu tu, na sehemu kubwa ya mwanga wake humwagikia majirani. Uvimbe mdogo wa umio unapoonekana hafifu, huenda ni mkali. Na ule unaofifia baada ya tiba, huenda umepungua upana tu ilhali chembe zilizobaki zina njaa ile ile.

Data hizo hizo zilipochakatwa kwa njia ya pili, inayojaribu kuondoa ukungu wa mashine, matufe madogo yalipanda. Lakini thamani ya juu kabisa ya tufe la milimita 17 ilivuka 8, yaani mashine ilionyesha dawa ambayo haimo. Njia hiyo hukuza kingo, na katika tufe la ukubwa huo kingo hukutana katikati. Picha yake inapendeza zaidi kwa macho na inaweza kumsaidia daktari kuona tezi ndogo, ila namba yake haifai kulinganishwa na namba ya njia ya kwanza. Mgonjwa aliyepigwa picha ya kwanza kwa njia moja na ya pili kwa njia nyingine anaweza kuambiwa ugonjwa umezidi, wakati kilichobadilika ni hesabu za kompyuta. Tumeomba kwamba njia ya uchakataji iandikwe kwenye ripoti ya kila mgonjwa karibu na SUV, na idara imekubali.

Gharama ya vifaa hadi leo ni shilingi 25,350, na nauli pamoja na malazi shilingi 14,400, jumla 39,750. Anayeanza moja kwa moja na resini ataepuka shilingi 4,700 za filamenti na epoksi. Dawa na muda wa mashine vilitolewa bila malipo.

Hatua inayofuata ni kuipeleka fantomu kwenye kamera ya gama, mashine nyingine ya kupigia picha za mionzi, kwa teknishiamu-99m, ambayo hutoa miale yenye nishati ya keV 140 badala ya zile za keV 511 za PET. Ukungu wa kamera hizo ni mkubwa zaidi, kwa hiyo tufe la milimita 10 huenda lisionekane kabisa, na mwanafunzi wetu anachora matufe mawili ya ziada, la milimita 45 na la milimita 60. La pili halipiti kwenye nafasi za bamba la sasa. Fundi wa mabango ameshapewa vipimo vya bamba jipya.